Kaye, foto na kamio: historia yetu inapotea kila mara tunapokimbia

Alfajiri ya tarehe 27 mwezi wa 5, 2021, kila mutu wa Goma anakumbuka alikuwa fasi gani. Siku tano mbele, volkano ya Nyiragongo ilitapika, lava ikasimama karibu na kiwanja cha ndege, na udongo ulikuwa ungali unatetemeka. Halafu tangazo la serkali likapita: sehemu kubwa ya muji itoke. Barabara ya Sake ikajaa watu, magodoro, mabido, mbuzi na watoto.

Kwetu nyumbani kulikuwa na ugomvi mudogo. Mama alifunga unga, mafuta na sufuria mbili. Mimi nilibeba godoro. Baba yangu, ambaye alikuwa shofere wa kamio miaka mingi kati ya Goma, Butembo na Beni, alitokea na mufuko wa plastiki. Ndani kulikuwa kaye tatu za zamani na foto zilizofungwa mu kitambaa. Nikamuambia: "Baba, mu huo mufuko tungetia sukari ya watoto." Akanijibu bila kusimama: "Sukari iko Sake. Hizi haziko Sake."

Tuliporudi, nyumba ilikuwa ingali imesimama. Lakini lile jibu halikunitoka. Mutu akikimbia abebe nini? Na akiacha karatasi za wazazi, anapoteza nini kweli?

Hapa mashariki swali hilo si la mwaka 2021 peke yake. Mwisho wa mwezi wa 1, 2025 vita viliingia Goma, mwezi wa 2 vikafika Bukavu. Kambi za wahami za Mugunga, Bulengo na Kanyaruchinya zilibaki wazi mu siku chache. Wengi walikuwa wanakimbia mara ya tatu ao ya nne. Kila mara kitu kinabaki nyuma, na mara nyingi ni sanduku lililokuwa chini ya kitanda.

Mu kaye ya shofere

Kaye za baba si za hadithi. Kila ukurasa una mistari: tarehe, alitoka wapi, alibeba nini, muzigo wa nani, beyi ya mazuti, gari liliharibika wapi. "Kanyabayonga, siku mbili, resori." "Viazi, Goma." "Mvua Lubero, tumelala ku barabara." Hakuna fasi aliandika Mobutu alisema nini mu radio.

Lakini ukisoma polepole, inchi nzima iko mule. Mu kaye ya kwanza beyi ni za zaire na namba ni fupi. Kurasa zikiendelea, sifuri zinaongezeka mpaka hazienei mu mustari. Halafu mwisho wa 1993 namba zinaanguka ghafula. Ni wakati zaire mpya ilipotoka: moja yake ilikuwa sawa na zaire milioni tatu za zamani. Mwaka wa 1998 franga inarudi. Mwalimu wa uchumi angehitaji saa nzima kueleza mambo hayo. Shofere ameyaeleza kwa safu ya namba, na pembeni ameandika siku ambayo mwenye maharagi alikataa noti zake.

Kitu kingine kinachonigusa: mu kaye hizo barabara ni barabara tu. Mutoto wa miaka 20 leo anafikiri njia ya Butembo tangu zamani ilikuwa ya woga na barieri. Kaye inamuonyesha kwamba kulikuwa siku mutu alitoka Goma na chumvi, akarudi na viazi, na shida yake kubwa ilikuwa matope. Baba aliandika pia watu waliomusaidia njiani: fundi wa pneu wa Kayna, mama wa chai wa Kirumba, mwenye duka wa Lubero. Aliwaita kwa kazi yao na kwa majina yao. Hakuandika kabila la mutu hata mara moja. Si kwa sababu alikuwa mutakatifu. Kwa shofere ambaye pneu imepasuka usiku, kabila la fundi halikuwa na maana.

Inchi isiyotujua ku karatasi

Wengine watasema hayo ni mambo ya wazee wanaopenda kukumbuka. Tuangalie basi hali yetu ya leo. Hesabu ya mwisho ya wakaaji wa inchi hii ilifanywa mwaka wa 1984. Kwa miaka mingi karte ya kura ndiyo imekuwa kitambulisho chetu. Tarehe 30 mwezi wa 6, 2023 rais Félix Tshisekedi alipokea karte mpya ya utambulisho mbele ya kamera, lakini hapa kwetu wengi bado hawajaigusa.

Kuhusu udongo, sheria ya mwaka 1973 inasema udongo wote ni wa serkali, na haki ya mutu inaonekana ku cheti cha uandikisho. Wangapi kwenye vijiji vyetu wana cheti hicho? Wengi wana neno la chefu, jirani aliyeona wakipima parseli, na karatasi ya kuuzisha iliyoandikwa kwa mukono, yenye vidole vya mashahidi.

Hizo karatasi chache zinapatwa na mambo mengi. Tarehe 17 mwezi wa 1, 2002 lava ilipita katikati ya Goma mpaka ziwani, ikachoma maduka, nyumba na katedrali. Kadutu, mu Bukavu, moto unaruka kutoka nyumba ya mbao moja mpaka nyingine, mwaka kwa mwaka. Uvira, mwezi wa 4, 2020, muto Mulongwe uliingia mu nyumba za watu. Tarehe 4 mwezi wa 5, 2023, mvua kubwa ilifunika Bushushu na Nyamukubi, mu Kalehe, na watu zaidi ya 400 walikufa. Wafu wanapozikwa, swali la pili linakuja haraka: parseli ya nani ilikuwa inaishia wapi, sasa ambapo mawe yamefunika miti na mipaka?

Foto si cheti. Hakuna juje atakayekupa parseli juu ya foto ya ndoa. Lakini angalia ile foto vizuri. Nyuma ya bibi na bwana harusi kuna muembe, kuna ukuta wa jirani, kuna njia. Watatu waliosimama kando ni mashahidi ambao umewasahau, na pengine mumoja angali hai. Foto inaamsha mashahidi waliolala. Ni vilevile kwa mujane ambaye wakwe wanamuambia hakuolewa kamwe. Foto ya siku ya mahari, wajomba wamesimama na mbuzi, haimalizi maneno, lakini inafanya uongo uwe muzito kusema.

Nani aliandika, nani alibeba

Si kwamba historia ya huku haikuandikwa. Iliandikwa sana, ila tuangalie na nani. Mwaka wa 1883 lieutenant Émile Storms, Mubelgiji, alijenga posti Mpala, ku ziwa Tanganyika. Mwezi wa 12, 1884 watu wake walishambulia chefu Lusinga, wakamuua, na kichwa chake kikapelekwa Ubelgiji. Karatasi za Storms zinachungwa mpaka leo mu jumba la makumbusho la Tervuren. Mapadri Weupe, waliopewa Mpala mwaka wa 1885, walikuwa na sheria kwamba kila misioni iandike kaye ya kila siku. Mvua, njaa, ugonjwa, nani alibatizwa, vyote waliandika. Kama leo tunajua siku fulani ya zamani Mpala ilikuwaje, ni juu ya mutu aliyekaa jioni na wino.

Chukua habari nyingine ambayo wakaaji wa Kalemie wanaijua. Mwaka wa 1915, wakati wa vita na Wadachi ku ziwa, Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou. Zilitoka ku bahari kwa treni mpaka Fungurume, mu Katanga. Kutoka pale hakukuwa reli. Zilivutwa juu ya milima ya Mitumba na mashini za mvuke, ng'ombe, na mamia ya watu wetu waliofungua njia na kujenga madaraja. Kisha zikapanda treni tena, zikashuka Lualaba, zikafika Kalemie ya leo. Tarehe 26 mwezi wa 12, 1915 zilikamata meli ya Wadachi Kingani, na tarehe 9 mwezi wa 2, 1916 nyingine, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa.

Tunajua majina ya zile mashua. Tunajua jina la mukubwa wao, Spicer-Simson, na hata tabia zake za ajabu, juu wenzake waliandika. Lakini mutu aliyevuta kamba ku Mitumba aliitwa nani? Alikuwa na watoto wangapi? Alirudi kwao? Vitabu vinasema "wabebaji" na "wafanyakazi", basi. Hapo ndipo unaona kaye ni kitu cha nguvu: aliyeandika amebaki na jina, aliyebeba amebaki hesabu.

Mara moja tuliandika wenyewe

Kuna mufano unaopaswa kutupa moyo. Mwaka wa 1965, Lubumbashi, iliyoitwa wakati ule Elisabethville, mutu mumoja, André Yav, aliandika historia ya muji kwa jina la watu waliofanya kazi mu nyumba za wazungu. Mabohi, wapishi, wenye kufua nguo. Aliiandika mu Kiswahili chao cha kila siku, si cha shule. Alieleza muji ulivyoanza, wazungu walikuwa watu wa namna gani, na namna mutumishi alivyoishi mu uwanja wa bwana wake.

Ile kazi ndogo ingeweza kupotea kama nyingine nyingi. Ilifika mikononi mwa mutafiti Johannes Fabian, naye akaitoa mu kitabu mwaka wa 1990, pamoja na maandiko ya Kiswahili. Leo wasomi wa mbali wanataka kujua Elisabethville ilionekanaje ku mulango wa jiko, wanakwenda kwa André Yav. Tushike neno mumoja hapa: hakungoja mutu amupe ruhusa, wala hakungoja Kiswahili chake kiwe kizuri.

Gari linakumbuka, lakini halisemi

Wengine wanasema, kama karatasi zinaungua, vitu vya chuma na mbao vinabaki. Ni kweli nusu. Ku ziwa Tanganyika kuna Liemba, meli ambayo wazee wa Uvira na Kalemie wanaijua. Ilijengwa Ujerumani mwaka wa 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa mu masanduku karibu 5.000 mpaka Kigoma. Wadachi wenyewe waliizamisha mwaka wa 1916, ikatolewa majini 1924, ikarudi ku kazi 1927. Mwaka wa 1997 ilibeba wakimbizi zaidi ya 75.000 waliokuwa wanarudi Congo. Ya meli tunajua kila kipande. Ya abiria wa 1997, nani kati yenu amechunga hata tikiti, ao foto moja ya siku ya kushuka? Wako wengi mu Fizi na Uvira ambao maisha yao yaligeuka ku ile meli, na watoto wao hawajui.

Mu Goma tuko na chukudu. Tangu 2009 ina sanamu yake ya rangi ya zahabu ku ronpwe, na wageni wote wanapiga foto pale. Inastahili. Chukudu imelisha muji huu: makala, viazi, shu na mbao vimeshuka kutoka Kibumba na Masisi juu ya vipande vya mukaliptusi na magurudumu mawili. Lakini uliza nani aliichonga ya kwanza. Wazee wengi watakuambia ni miaka ya 1970, kisha kila mutu atataja kijiji chake. Tuko na sanamu, hatuko na kaye. Yule fundi wa kwanza hakuandika, wala jirani yake hakumuandikia.

Ni vilevile kwa makamio yaliyokufa nyuma ya manyumba, yameota majani, kuku wanalala mu kabini. Mutu anayauzisha kilo kwa kilo kama chuma. Sisemi kila gari bovu liwekwe mu makumbusho. Lakini mbele fundi hajaleta musumeno, piga foto: namba, maneno yaliyoandikwa ku mulango, na muzee mwenyewe amesimama kando. Chunga karte roze. Muulize safari yake mbaya kuliko zote. Gari bila shofere wake ni chuma tu.

Foto inaweza kuua pia

Tusidanganyane. Mu majimbo yetu kuchunga si jambo la upendo peke yake, ni jambo la hatari. Ku barieri telefoni inafunguliwa. Foto ya kaka mu nguo za kijeshi, karte ya chama ya baba, foto ya mukutano wa miaka 20 iliyopita, yote hayo yanaweza kuleta maswali ambayo mutu hana jibu lake. Wengi wetu tunajua nyumba ambamo mama alichoma albamu usiku, kisha akalia kwa ajili ya zile foto zaidi ya vyombo vilivyoporwa. Hatuwezi kumulaumu. Alichagua watoto walio hai.

Na kuna hatari ya pili ambayo tunasema kwa sauti ya chini. Karatasi za zamani zinatumiwa kwa kubishana nani alifika wa kwanza, nani ni mwenyeji, nani ni mugeni. Wenye siasa wanapenda historia ya namna hiyo, juu inakata watu vipande viwili. Wengine wanaona afazali tusifungue masanduku, vidonda vitaamka.

Mimi naona ni kinyume. Historia ya wafalme, mipaka na vita ndiyo inayogombanisha. Historia ya kila siku, ile ya beyi ya chumvi, ya ekipe ya mupira, ya darasa la sita la mwaka fulani, inagombanisha kidogo sana, kwa sababu watu wamechanganyika mule bila kupenda. Kati ya foto za baba kuna moja ya washofere saba mbele ya kamio, Beni. Wanacheka, mumoja ameshika musumari wa gurudumu kama maikrofoni. Ukiuliza, ni makabila matano. Leo watoto wao hawasalimiane tena mu WhatsApp. Ile foto haitaleta amani. Lakini inakataa neno moja linalosemwa sana siku hizi, kwamba hatukuishi pamoja kamwe.

Tufanye nini, na nani afanye

Serkali ina deni hapa. Komini, chefferie, mashule na parokia ziko na rejista zinazokaa ku unyevu na panya, na kopi yake haiko fasi nyingine. Kopi za rejista za vizazi, za ndoa na za shule ziwekwe nje ya muji, mbele ya moto ao vita, si baada. Sisi wa radio pia tujikosoe: ni sauti ngapi za wazee tumerusha hewani mara moja, kisha tukafuta kaseti ao faili juu ya kukosa fasi?

Lakini tusingoje. Kuna mambo ambayo kila nyumba inaweza kufanya kwa telefoni moja na kalamu moja:

Andika nyuma ya kila foto, na kalamu ya risasi bila kukandamiza: majina, fasi, mwaka. Bic inapasua foto ya zamani.

Piga kopi ya kaye, karatasi za parseli, vyeti na foto mu mwangaza wa muchana, bila flashi. Tuma kwa ndugu wawili wanaokaa fasi tofauti, mumoja awe mbali na jimbo lenu.

Foto zenye hatari usizichanganye na nyingine, wala usizitembeze mu telefoni. Kuliko kuchoma, tafuta mutu wa mbali unayemuamini azichunge.

Usitie kila kitu mu Facebook. Mutu aliye mu foto angali na maisha yake, na hakukupa ruhusa.

Karatasi zikae mu plastiki kavu, mbali na mosi wa jiko na paa inayovuja. Zote mu mufuko mumoja, na kila mutu wa nyumba ajue uko wapi.

Mwisho, mupe muzee foto mu mukono na urekodi anachosema. Usimuulize historia ya Congo. Muulize huyu ni nani, na siku hiyo mulikula nini.

Hilo la mwisho nimelifanya mwenyewe, nimechelewa kidogo. Jumapili moja nilikaa na baba na ile foto ya washofere saba. Nyuma yake kulikuwa tarehe tu. Akataja wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita, na kila mumoja alikuja na kijiji chake, gari lake na deni lake. Kufika ku wa saba, yule mwenye musumari, akanyamaza. Akageuza foto, akaisogeza ku dirisha, akairudisha. Jina halikuja. Wale wengine ambao wangelijua wamekwisha kufa.

Niliandika majina sita. Fasi ya saba nimeiacha wazi, kama kuna musomaji wa Beni ao Butembo ambaye baba yake alikuwa shofere na alipenda kuchekesha wenzake.